Umetoka na Nini kwa Labani?

Masomo: Mwanzo 31 na 32; Mwanzo 35:1-4

 

Asubuhi ya leo nataka kusema nawe uliye na mvi kichwani. Umefanya kazi mahali pamoja miaka kumi na mitano, ishirini, au zaidi ya hiyo, na sasa unajitayarisha kwenda kuanza kazi nyingine mahali usipojulikana. Labda umeitwa. Labda umesukumwa. Labda barua ingali mfukoni, na mama watoto hajaiona. Usiku hulali. Unajiuliza, "Mtu wa umri wangu ataanzaje tena?"

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka wa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilipovunjika, watumishi wengi wa reli, bandari, posta na ndege walijikuta hawana tena mwajiri waliyemzoea. Katika miaka ya 1990 watumishi wengi wa Serikali walistaafu mapema kwa hiari, wakalipwa, wakaenda kutafuta maisha mengine. Tena mwaka wa 2009 umri wa kustaafu wa watumishi wa Serikali uliongezwa kutoka miaka 55 hadi 60. Basi mtu wa miaka 50 hajafika mwisho wa safari.

Hata Neno la Mungu halimwoni mtu huyo kuwa amekwisha. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 8, Walawi waliagizwa kuacha kazi nzito ya hema walipofika miaka hamsini. Lakini hawakuambiwa waende wakakae kivulini wangoje kufa. Waliagizwa kuwasaidia ndugu zao katika ulinzi. Kazi ilibadilika, lakini utumishi haukwisha.

Lakini leo sitasema sana habari za umri. Nataka tumtazame mtu mmoja aliyefanya kazi kwa tajiri mmoja miaka ishirini, kisha akaondoka. Mtu huyo ni Yakobo, na tajiri wake ni Labani.

Yakobo alimtumikia Labani miaka kumi na minne kwa ajili ya wake zake, na miaka sita kwa ajili ya wanyama. Mwenyewe anasema ya kwamba jua lilimwunguza mchana na baridi ikampiga usiku, na mshahara wake ukabadilishwa mara kumi. Kisha siku moja akautazama uso wa Labani, akaona hauko kama zamani. Ndugu yangu, wewe uliyeajiriwa miaka mingi unajua jambo hilo. Hakuna aliyekufukuza. Hakuna aliyekutukana. Lakini uso si ule wa jana. Unaingia ofisini na mazungumzo yanakatika.

Ndipo Mungu alipomwambia Yakobo arudi katika nchi ya baba zake, na akamwahidi kwamba atakuwa pamoja naye. Kwa hiyo kuondoka kwake kulikuwa na mwito wa Mungu. Lakini aliondokaje? Aliondoka kwa siri, Labani alipokuwa amekwenda kukata kondoo wake manyoya. Tena Raheli mkewe aliiba vinyago vya babaye, akavificha katika matandiko ya ngamia. Labani alipowafikia, akipekua hema moja baada ya jingine, Raheli alikuwa ameketi juu ya vinyago vile, akisema kwamba hawezi kuinuka.

Wasikilizaji wapenzi, naijua habari hiyo vizuri kwa sababu mimi mwenyewe nimeketi juu ya matandiko hayo.

Mimi si mchungaji. Ni mzee wa kanisa, na kwa kazi ni fundi wa mitambo. Mwaka wa 1988 niliandikwa kazi katika kiwanda kimoja cha majani chai huko milimani, magharibi ya Bonde la Ufa. Nilikuwa na miaka 24. Wanaokunywa chai hawajui mitambo mingi inayopita jani lile. Hunyaushwa kwa upepo, husagwa, huachwa mpaka libadilike rangi, hukaushwa kwa moto, kisha huchekechwa. Kila hatua ina mashine yake, na kila mashine ina maradhi yake. Nilijifunza kuyatambua maradhi hayo kwa sikio. Nilikuwa nikipita mlangoni naambiwa, "Fundi, sikiliza hiyo," nami nasema, "Ni beringi, badilisheni kabla ya saa sita." Nilifanya hivyo miaka 27.

Kisha zikaja mitambo inayoongozwa kwa kompyuta, na pamoja nayo akaja kijana aliyesoma chuo kikuu. Hakuwa kijana mbaya. Lakini cheo nilichokingojea miaka tisa alipewa yeye. Mashine ilipolia hawakuniita tena, walitazama kwenye kioo. Nikauona uso wa Labani.

Wakati huohuo chuo cha ufundi kinacholelewa na kanisa letu kilikuwa kinatafuta mwalimu wa vijana, upande wa mashine. Ninyi wazee mnakumbuka kwamba vyuo vya namna hiyo, vilivyoitwa zamani vyuo vya ufundi vya vijijini, vilianzishwa na Baraza la Makanisa mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa ajili ya watoto waliomaliza shule ya msingi wasipate nafasi ya kuendelea. Mchungaji wetu akaniambia, "Ndugu, vijana wanakuhitaji." Mshahara ulikuwa chini ya nusu ya ule niliokuwa nikipata. Niliomba Mungu wiki tatu. Moyo wangu ukapata uhakika.

Yakobo aliwaita wake zake kondeni akawaeleza neno hilo kabla ya kuondoka, na hapo alifanya vema. Mimi nilimwita mama watoto zizini, jioni, wakati wa kukamua. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa bado kwenye kiwele. Kisha akaniuliza, "Baba, ni Mungu amekuita, ama ni hasira?"

Nikamjibu, "Ni Mungu." Nilijibu haraka mno.

Leo naweza kumjibu sawasawa. Mungu ndiye aliyeniita, lakini hasira ndiyo iliyofunga mizigo.

Nilitoa taarifa ya mwezi mmoja kama ilivyotakiwa. Waliniandalia chai, wakanipa blanketi na hati ya utumishi, na meneja akasema maneno mazuri. Kila mtu akaona nimeondoka kwa heshima kuliko Yakobo. Lakini jioni ile ya mwisho, nilipokuwa nikifunga sanduku langu la vyombo, nilitia ndani maikromita ya kiwanda. Ni kipimo cha chuma, kidogo kuliko kiganja, kinachopima unene hadi sehemu moja ya mia ya milimita. Nilikuwa nimekitumia miaka mingi hata kimezoea mkono wangu. Sikukitia kwa kusahau. Nilijua. Nilijiambia moyoni, "Miaka 27, na cheo wamempa mtoto. Wao ndio wanaonidai? Mimi ndiye ninayewadai."

Langoni kijana wa ulinzi akaniomba nifungue sanduku, maana ndiyo kawaida kwa kila anayetoka na mzigo. Nikamtazama nikasema, "Kijana, baada ya miaka yote hii utanipekua mimi?" Akaona haya, akafungua lango. Raheli alisema hawezi kuinuka. Mimi niliketi juu ya heshima yangu, na chini ya heshima ile palikuwa na kitu kilichoibwa.

Nikaanza kufundisha. Wasikilizaji, si rahisi. Nilijua kutengeneza mashine, lakini sikujua kumweleza mtoto wa miaka kumi na saba kwa nini imeharibika. Nilipiga kelele. Niliandika ubaoni kwa mkono mbaya. Mwalimu mwenzangu, msichana wa umri wa binti yangu, ndiye aliyenifundisha kuandaa somo. Jioni nilikuwa narudi nyumbani nimechoka kuliko siku za kiwandani, na mara nyingi nikamwambia Mungu, "Kama ni wewe uliyeniita, mbona hapana nguvu?"

Mwezi wa nne tulikuwa na somo la vipimo. Nikatoa ile maikromita, nikawapitishia vijana mmoja mmoja waishike. Kijana mmoja aliyekaa mbele, mwenye macho makali, akaigeuza kwenye mwanga, akauliza, "Mwalimu, hizi herufi zilizogongwa hapa na hii namba, ni za nini?"

Zilikuwa herufi za kiwanda na namba ya stoo. Darasa zima lilikuwa likiningoja. Nikasema, "Ni alama ya mwenye kitu." Akauliza tena, bila ubaya wowote, "Kumbe si yako, Mwalimu?"

Nilikuwa nimewafundisha vijana wale kwamba fundi mwongo ni hatari kuliko chombo kibovu. Nikajibu, "Si yangu." Kengele ikalia. Sijapata kuipenda kengele kama siku ile.

Jumamosi nilipanda matatu kurudi kiwandani. Langoni alikuwa askari mpya, hanijui. Akanipa kitabu cha wageni. Nikaandika jina langu na namba ya kitambulisho. Kisha pakawa na nafasi nyingine: Unatoka wapi? Mkono wangu ukaandika wenyewe jina la kiwanda kilekile, kama ulivyozoea kuandika mahali pote kwa miaka 27. Askari akachungulia akasema, "Mzee, hapa ndipo hapa. Nimeuliza unakotoka."

Nikasimama na kalamu mkononi. Sikuwa tena Fundi wa kiwanda. Na chuoni nilikuwa bado sijawa mwalimu. Nilikuwa mzee mmoja mwenye kitu cha wizi mfukoni.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipomwelewa Yakobo kule kivukoni pa Yaboki. Amekwisha kutoka kwa Labani, lakini hajafika kwao. Amevusha wake, watoto na mali, amebaki peke yake usiku, akishindana na yule asiyemwona vema. Naye akaulizwa jina lake. Swali dogo! Lakini kumbukeni kwamba Yakobo alipata kuulizwa zamani na baba yake kipofu kwamba yeye ni nani, naye akasema ni Esau. Safari hii akalisema jina lake mwenyewe, Yakobo, jina la mtu anayeshika kisigino cha mwenzake. Kulitaja jina lile kulikuwa ni kuungama. Na alipoungama ndipo alipopewa jina jipya.

Nikakata yale niliyoandika, nikaandika jina la chuo. Kisha nikaenda kwa meneja, nikaiweka maikromita mezani, nikasema, "Niliiba hii siku ile mliponipa blanketi."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akafungua jalada, akanionyesha. Chombo kile kilipokosekana katika hesabu ya mwisho wa mwezi, kijana wa stoo alishindwa kueleza kilikokwenda. Akakatwa mshahara kidogo kidogo, miezi mitatu, mpaka kikalipwa.

Yakobo naye hakujua. Alipoapa mbele ya Labani kwamba atakayeonekana na vinyago vile asiishi, hakujua kwamba ni Raheli wake mpendwa anayemtia hatarini. Mtu akiiba huweza kudhani anamwibia Labani. Lakini Labani hula chakula chake kama kawaida, na anayelipa ni mtu mdogo aliye karibu, asiye na wa kumtetea.

Niliuza mtamba mmoja. Nikamtafuta yule kijana nyumbani kwake, nikampa fedha zake zote na zaidi, kama Zakayo alivyofanya. Akazihesabu polepole. Hakunishukuru, wala sikutazamia shukrani. Akasema, "Mzee, mke wangu alidhani nimezinywa."

Basi nikamwomba amwite mkewe, nikamweleza yule mama mbele ya mumewe kwamba mwenye kosa ni mimi. Hilo lilikuwa gumu kuliko kwenda kwa meneja. Yule mama alimtazama mumewe tu, hakunitazama mimi. Nikaomba ruhusa nikaenda zangu.

Niliporudi chuoni siku ya Jumatatu, niliwaeleza vijana habari yote. Nilidhani watanidharau. Labda wengine walinidharau. Lakini toka siku ile nilifundisha bila kupiga kelele. Yakobo alitoka Yaboki akichechemea, na jua likamwangazia. Mimi nami nachechemea mpaka leo, lakini naenda.

Wasikilizaji wapenzi, wewe unayeacha kazi ya miaka mingi, nakuachia maneno matatu.

La kwanza, jiulize swali la mama watoto: ni Mungu amekuita, ama ni hasira? Usijibu haraka. Waulize wa nyumbani mwako, maana karo ni yao na njaa itakuwa yao pia. Na ukiona mwito na hasira vyote vimo ndani, usikatae mwito kwa sababu ya hasira. Iache hasira, uende na mwito.

La pili, ondoka mchana. Toa taarifa yako kwa wakati. Kabidhi funguo, vitabu na vyombo, kimoja kimoja, mbele ya mtu, mtie sahihi wote wawili. Mwombe mlinzi afungue sanduku lako, hata akiona haya. Dai nawe kilicho chako. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 inakupa haki ya hati ya utumishi, na malipo yako si zawadi, ni jasho lako. Yakobo hakukosa alipomweleza Labani kwa sauti jinsi alivyomtumikia. Kama umedhulumiwa, sema mchana. Usijilipe usiku.

Tena chungulia ndani kuliko sanduku. Wako watu ambao hawakutoka na chombo chochote, lakini wametoka na kinyongo cha miaka ishirini, wamekiketia, nacho ndicho wanachokiabudu kila asubuhi. Wakikaa na mwajiri mpya wanazungumza habari za mwajiri wa zamani. Hicho nacho ni kinyago.

La tatu, kubali kuwa mwanafunzi. Jina ulilopewa na kazi, iwe Fundi, Karani, Mkubwa, au Mwalimu Mkuu, lilikuwa nguo ya kuazima. Itavuliwa tu. Jina lako la kweli liko kwa Mungu, naye hakulisoma kwenye kibao cha mlango wa ofisi. Akiwapo kijana wa kukufundisha, mwache akufundishe.

Nanyi mlio waajiri, neno moja kwenu. Labani alilalamika kwamba hakupewa nafasi ya kumsindikiza Yakobo kwa nyimbo na matari. Lakini nyimbo za siku moja haziwezi kufunika mshahara uliobadilishwa mara kumi. Mtu aliyewatumikia miaka mingi mpeni haki yake akiwa bado kazini, na mumwambie ukweli usoni pake. Msimwache ausome katika nyuso zenu.

Hata hivyo, Labani na Yakobo hawakuachana wakiwa adui. Walikusanya mawe, wakafanya agano, wakala chakula pamoja mlimani. Asubuhi Labani akawabusu watoto, akawabariki, akarudi kwake. Na vile vinyago je? Tunaambiwa katika sura ya 35 kwamba, kabla ya kupanda kwenda Betheli, Yakobo aliwaambia watu wa nyumba yake waondoe miungu migeni iliyo kwao. Wakampa yote, naye akaizika chini ya mti karibu na Shekemu. Miaka ilikuwa imepita, lakini hawakuweza kufika Betheli na mzigo ule.

Je, wewe umetoka na nini kwa Labani? Kama kiko, hata kikiwa kidogo kuliko kiganja, leo ni Jumapili. Kesho asubuhi matatu ziko.

Na tuombe. Ee Mungu wa Yakobo, wewe ulimwona mtumishi wako kwenye jua la mchana na baridi ya usiku. Waangalie hawa wanaotoka walikozoea na kwenda wasikokujua. Wape ujasiri wa kuanza tena. Watoe wakiwa na mikono safi na moyo usio na kinyongo. Wale tuliowakosea tukiondoka, utupeleke kwao kabla jua halijachwa. Nao wasio na kazi leo, uwakumbuke. Tunaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Kwa herini, wasikilizaji. Bwana awe nanyi.